SOMO LA 23: KULA KWA KIASI

1. Kopo la sokoni

Watoto, nani kati yenu hajapata kutumwa soko la Kadutu? Wote mnajua desturi ya sokoni: kila kitu hupimwa. Mama auzaye unga ana kopo lake. Hulijaza mpaka unga unakuwa na kichwa kama mlima, kisha huumimina katika mfuko wa mnunuzi. Mnunuzi husema: "Mama, na matabisi!" Naye mama huongeza kidogo kwa mkono. Maharagi hupimwa. Mafuta ya mawese hupimwa. Sambaza hupimwa. Auzaye bila kipimo, jioni hatakuwa na mali wala fedha.

Lakini unga ukiisha kuwa bugali, na sambaza wakiisha kuiva, kipimo huenda wapi? Tunanawa mikono, tunasali, tunaketi, halafu kila mkono huenda mbio kadiri uwezavyo. Leo tutajifunza kipimo cha sahani. Kipimo hicho hakiuzwi sokoni. Kila mtu anacho mwilini mwake, lakini sharti afundishwe kukisikia.

2. Sahani moja

Sikilizeni hadithi ya mtoto mmoja wa Kadutu. Tumwite Bahati. Alikuwa na miaka 10, naye alisoma darasa la nne.

Baba yake alikuwa mvuvi. Jioni aliondoka na wenzake katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Usiku waliwasha taa. Sambaza waliufuata mwanga, nao wavuvi wakainua wavu. Zamani sambaza hawakuwamo katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Leo ni mboga ya nyumba nyingi za Bukavu, nao huujenga mwili vizuri.

Bahati alikuwa na mdogo wake Furaha, mwenye miaka 7, na dada yao Neema, aliyekaribia miaka 2. Mama alikuwa na kitoto kichanga mgongoni. Nyumbani alikaa pia nyanya yao, yule ambaye sisi huku humwita Koko.

Mama aliwapakulia watoto watatu katika sahani moja. Kula pamoja ni desturi njema, hufundisha undugu. Lakini mkono wa Bahati ulikuwa mkubwa, tena mwepesi. Neema alipokuwa bado anapuliza tonge lake la kwanza lipoe, Bahati alikuwa amekwisha kumeza matano. Furaha naye alijitahidi kumfuata kaka yake. Neema alichovya bugali katika mchuzi uliobaki, akanyamaza.

Mama alipokuja kuchukua sahani, aliikuta tupu. Alifurahi, akasema moyoni: "Wanangu wamekula." Ndiyo, sahani ilikuwa tupu. Lakini sahani tupu haisemi ni nani aliyeimaliza.

Miezi miwili ikapita. Neema aliacha kucheza. Alikaa mlangoni, mwenye uso wa huzuni. Miguu yake ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Nywele zake zikawa laini na nyekundunyekundu. Tumbo likawa kubwa.

Siku moja Bahati alisema: "Mama, tazama tumbo la Neema! Ameshiba kutupita sisi wote."

Koko alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, hiyo si shibe. Hiyo ni bwaki. Niliiona nilipokuwa mtoto kama wewe. Mama Bahati, usingoje kesho. Mpeleke mtoto kwa Masista."

3. Swali la Sista

Mama alimbeba Neema mpaka kituo cha afya. Bahati alifuatana naye, akiwa amebeba mfuko wa nguo. Sista muuguzi alimpima mtoto uzito. Akapima mkono wake kwa utepe wenye rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu. Akabonyeza miguu yake. Kisha akauliza:

"Mama Bahati, mtoto huyu anakula nini?"

"Anakula kama sisi, Sista. Bugali, sombe, na sambaza baba yao akipata."

"Vema. Anakula katika sahani ya nani?"

Mama alishangaa kidogo. "Anakula pamoja na ndugu zake, Sista."

"Na nani humaliza kwanza?"

Hakuna aliyelitaja jina la Bahati. Lakini Bahati aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake.

Sista hakumkemea mtu. Alisema tu: "Mtoto mdogo hali upesi. Ana meno machache, na tonge la moto linamwogopesha. Akishindanishwa na wakubwa, kila siku atashindwa. Naye hawezi kushtaki, kwa sababu hajui maneno."

Neema akalazwa. Sista alileta maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Aliyapima katika kikombe chenye alama. Uzito wa Neema ulikuwa kilo 8, tena alikuwa amevimba sana. Basi alipewa mililita 100, si zaidi. Baada ya saa 3 akapewa tena mililita 100. Ndivyo ilivyokuwa mchana na usiku, mara 8 kwa siku.

Mama alikitazama kikombe, akalia. "Sista, mtoto amekosa chakula miezi miwili. Mwongezee, nakuomba."

Sista alimshika mkono. "Mama, nakuelewa. Lakini mwili wake umechoka mno. Ni kama moto mdogo unaokaribia kuzimika. Ukiutupia mzigo mzima wa kuni, utauzima. Unauwekea kijiti kimoja, halafu kingine. Tukimpa Neema chakula kingi leo, moyo wake unaweza kushindwa, naye atakufa. Kipimo hiki ndicho dawa yake ya kwanza."

Bahati alisikia maneno hayo, wala hakuyasahau. Hakuwa amejua kwamba chakula kikipungua mno chaweza kuua, na kikizidi ghafula chaweza kuua pia.

Siku chache zikapita. Uvimbe ukapungua. Asubuhi moja Neema alinyosha mkono wake mwenyewe, akataka kikombe. Sista alicheka kwa furaha. "Sasa tumbo lake limeamka," alisema. "Sasa tutaongeza." Baadaye akampa maziwa yenye nguvu zaidi, na chakula laini cha karanga.

4. Bwaki ni nini?

Waganga huiita bwaki kwa jina la kwashiorkor. Neno hili latoka katika lugha ya Kiga, nchini Ghana. Mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, alilisikia huko kwa akina mama, akaliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Tazameni! Akina mama wa nchi ya mbali waliona jambo lilelile linaloonekana katika Kivu. Mtoto ameacha ziwa la mama, lakini bado hajapata mahali pake katika sahani.

Watu wa Kivu wamepigana na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Huko Lwiro, katika Kabare, kaskazini ya mji wetu, shirika la utafiti lililoanzishwa mwaka 1947 lilijenga kituo chake, na waganga wakawatunza watoto wa bwaki na kuutafuta mzizi wa ugonjwa wao. Hapa Bukavu, katika miaka ya 1960, watu waliunda chama cha kuupinga. Kinaitwa Komite Anti-Bwaki.

Sababu za bwaki ni nyingi. Vita huwafukuza watu mashambani. Bei hupanda. Surua na kuhara humdhoofisha mtoto. Maharagi na samaki hukosekana, bugali hubaki peke yake. Kwa hiyo tusiseme kwamba Bahati ndiye aliyemgonjesha dada yake. Mtoto wa miaka 10 haleti vita wala hapandishi bei. Lakini jambo moja lilikuwa mkononi mwake, nalo ni lile fungu la Neema.

Sikieni tena neno hili. Somo hili halimwambii mwenye njaa asile. Ninyi bado mnakua. Mwili wenu wadai chakula, na kuona njaa si dhambi. Ni Mungu aliyeumba njaa, ili tukumbuke kula. Mtoto anayekwenda shuleni bila kula kitu asione haya kumwambia mwalimu wake. Kiasi hakimwambii mtu ale kidogo. Kiasi chamwambia ale fungu lake, na fungu lake likiisha kumtosha, aache.

5. Tumbo hutuma habari polepole

Mtu ajuaje kwamba imemtosha? Tumbo ni kama mfuko. Chakula kikiingia, mfuko hutanuka. Ndipo habari huenda kwenye ubongo, kwa njia ya mishipa ya fahamu na kwa njia ya damu, kusema: "Yatosha." Lakini mjumbe huyu hana mbio. Kabla hajafika, kama dakika 20 hupita.

Basi mtoto anayemaliza kula kwa dakika 5 hawezi kupata habari. Tumbo lake limejaa, lakini yeye bado anajiona ana njaa. Anaendelea. Mjumbe anapofika, mtoto huyu amekwisha kula fungu lake, na fungu la mwingine juu yake. Halafu tumbo linamwuma, anacheua, anataka kulala, hawezi hata kwenda kuteka maji.

Kuna njaa mbili. Njaa ya tumbo huja polepole, nayo huridhika kwa chakula chochote kizuri. Njaa ya macho huja ghafula, mtu akiona kitu kitamu au akimwona mwenzake anakula. Siku ya Noeli tunaijua vema njaa ya macho! Mtu ameshiba kabisa, lakini jicho bado linasema: "Bado kipande kile."

Dalili za kutosha ndizo hizi. Uchungu wa njaa umekwisha. Tonge si tamu kama lile la kwanza. Pumzi ni nyepesi, na mtu anaweza kusimama na kufanya kazi. Hapo ndipo pa kuacha. Usingoje mpaka tumbo liwe gumu kama ngoma.

Koko alikuwa na desturi yake ya zamani, akamfundisha Bahati. "Ukiisha kutia tonge kinywani," alisema, "weka mkono gotini. Tafuna. Meza. Kisha uliulize tumbo, si jicho." Bahati alicheka, lakini alijaribu. Mara ya kwanza mkono haukukubali kukaa gotini. Baada ya siku kadhaa ukazoea.

6. Kipimo cha Mungu

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma habari za Waisraeli jangwani. Hawakuwa na shamba wala soko. Mungu aliwapa mana, nayo ilionekana chini kila asubuhi, umande ukiisha kukauka. Musa aliwaambia wakusanye pishi moja kwa kila mtu. Pishi ni kipimo cha zamani, sawa na vibaba 4. Wengine waliokota kwa pupa, wengine wakaokota kidogo. Lakini ilipopimwa, kila mtu alikuwa na ya kumtosha, wala hakuna aliyekosa. Wako waliowaza: "Nitaficha ya kesho." Asubuhi waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Ni ile ya siku ya Sabato tu iliyodumu, kwa sababu Mungu mwenyewe aliamuru iwekwe.

Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, aliwaandikia watawa wake kanuni. Alipanga kwamba kila mtawa apate ratili moja ya mkate kwa siku, pamoja na vyakula viwili vilivyopikwa. Kazi ikiwa ngumu, mkubwa wa nyumba aweza kuongeza. Watoto wapewe kidogo kuliko wakubwa. Mwaona, fungu la haki si lazima liwe sawa kwa wote. Mvuvi aliyepiga kasia usiku kucha ana fungu lake. Mama anyonyeshaye ana fungu lake, nalo si dogo. Mtoto wa miaka 2 ana lake.

Katika katekismu tumejifunza kwamba ulafi ni mmoja wa mizizi 7 ya dhambi, na kwamba kiasi ni mojawapo ya fadhila kuu 4, pamoja na busara, haki na nguvu. Sasa mwaelewa kwa nini kiasi na haki hutajwa pamoja. Ni kama ndugu wawili. Mtu akikosa kiasi katika sahani ya wote, amekosa haki pia, kwa maana tonge analozidisha lina mwenyewe.

7. Bakuli la Neema

Baada ya majuma mengi Neema aliruhusiwa kurudi nyumbani. Sista alimwambia mama: "Mtoto huyu awe na bakuli lake mwenyewe. Mpakulie kwanza. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mpe robo tatu ya kikombe, au kikombe kizima, lakini mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au parachichi. Asipewe bugali tu. Mpondee maharagi, msagie sambaza. Na mtu mmoja aketi karibu naye mpaka amalize."

"Nitaketi mimi," alisema Bahati.

Mama alinunua bakuli dogo la kijani. Tangu siku ile Bahati aliketi karibu na dada yake kila jioni.

Usiku mmoja baba alileta sambaza wengi. Mama aliwapika kwa nyanya na mawese, na harufu ikajaa nyumba yote. Bahati alikula fungu lake, mkono ukipumzika gotini. Akashiba. Lakini Neema alikula polepole kama kawaida yake. Katika bakuli lake walibaki sambaza watatu, wakubwa, wenye mafuta. Neema aligeuka kumchekea kitoto kichanga. Hakuna aliyekuwa akitazama.

Mkono wa Bahati ukaondoka gotini. Ukafika kwenye bakuli.

Bahati aliliuliza tumbo. Tumbo halikuwa na njaa. Lilikuwa jicho tu.

Akalishika bakuli, akalisogeza karibu na dada yake. "Neema," alisema, "sambaza wako wanakungoja." Neema akageuka, akachukua wa kwanza kwa vidole viwili, akala. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

Mama alipokuja kuchukua vyombo, bakuli la kijani lilikuwa tupu. Na usiku ule Bahati alijua vema ni nani aliyelimaliza.

TUSHIKE HAYA

1. Kabla ya kula, nawa mikono na umshukuru Mungu.
2. Walio wadogo na wagonjwa wapakuliwe kwanza, katika chombo chao.
3. Kula polepole. Tafuna vema. Pumzisha mkono.
4. Uliulize tumbo, si jicho.
5. Ikiisha kukutosha, acha, hata kama chakula ni kitamu.
6. Usione haya kusema kwamba una njaa.
7. Ukiona mtoto amevimba miguu, waambie wakubwa mara moja, wampeleke kwa waganga. Tumbo kubwa si shibe.

MANENO

Kiasi: kadiri inayofaa, isiyozidi wala kupungua.
Fungu: sehemu ya mtu katika kitu kinachogawanywa.
Matabisi: nyongeza anayopewa mnunuzi.
Pupa: haraka ya kutaka vyote.
Ratili: kipimo cha uzito, kisichofika nusu kilo.

MASWALI

1. Sokoni watu hupima vitu gani? Hupima kwa nini?
2. Kwa nini mama alidhani kwamba watoto wote wamekula?
3. Sista aliuliza maswali gani matatu? Swali lipi lilimfanya Bahati ainamishe kichwa?
4. Kwa nini Sista hakukubali kumwongezea Neema maziwa siku ya kwanza?
5. Kwashiorkor maana yake nini katika lugha ya Kiga?
6. Habari ya shibe hufika kwenye ubongo baada ya muda gani? Basi tuleje?
7. Ni nini tofauti ya njaa ya tumbo na njaa ya macho? Toa mfano wako mwenyewe.
8. Nyumbani kwenu ni nani hula polepole kuliko wote? Unaweza kumsaidia namna gani?

HESABU

1. Mgonjwa anapewa mililita 100 za maziwa kila saa 3. Kwa siku moja anapewa mililita ngapi?
2. Mama ana sambaza 40. Anampa Neema 6, Furaha 8, Bahati 10. Wamebaki wangapi kwa ajili ya baba, mama na Koko?

METHALI

Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.

Ielezeni methali hii darasani, kisha iandikeni katika daftari kwa mwandiko mzuri.